Kura Aliyoikataa

Lifti ilichagua siku ya usajili kukwama. Ukumbi wa chini wa jengo la utawala la chuo kikuu ulikuwa umefurika vijana na wazazi wao, kila mmoja na bahasha kifuani, jasho na manukato vimechanganyika hewani. Huko juu, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, watu walikuwa wakiupiga mlango wa chuma kwa viganja na kuwaita mama zao.

Fundi akaja. Ovaroli la buluu lililokazwa mkanda kiunoni, kilemba chekundu, buti nzito, na masikioni hereni ndogo za dhahabu. Kazi ni kazi na urembo ni urembo, na aliyesema vinagombana ajitokeze. Alipanda ngazi mbilimbili, akazima umeme, akaufungua mlango wa ghorofa ya tatu kwa ufunguo wake. Usawa wa magoti yake zikatokea nyuso zilizolowa jasho.

"Lifti haiendi popote, msiogope," aliwaambia. "Mmoja mmoja. Leteni mikono."

Akawavuta hadi akabaki wa mwisho, mwanamume mrefu wa shati jeupe na tai iliyolegea, kakumbatia kitambaa kikubwa kilichoviringishwa. Alipopewa mkono, alianza na maombi.

"Dada, tafadhali, mwambie fundi yule mama aliyetangulia ana presha, atafutiwe maji."

"Fundi amesikia."

"Yuko wapi?"

"Ndiye uliyemshika mkono."

Mwanamume aliutazama mkono, akalitazama ovaroli, akazitazama hereni. Mwingine angejiumauma hapo. Huyu aliangua kicheko, kicheko cha kujicheka mwenyewe, huku bado ananing'inia.

"Nimeumbuka," alisema alipofika juu. "Nisamehe sana."

"Nimeshasamehe. Ila siku nyingine ukivutwa usicheke, utaniangusha na mimi."

Kitambaa kilikuwa kimefunguka sakafuni. Kilikuwa tangazo lenye nembo za vyuo vikuu vitatu, na chini yake maandishi makubwa: KAZI YAKO NI ELIMU. NJOO TUITAMBUE. Fundi aliyasoma mara mbili. Kuna wakati, miaka mingi nyuma, alipeleka maombi ya kusoma uhandisi katika jengo hilihili, akaambiwa na kijana wa dirishani kwamba hapa hapapokei watu waliochelewa. Tangu hapo kila alipokuja kutengeneza lifti zao alipita mbele ya lile dirisha bila kugeuza shingo.

"Haya maneno ni ya kweli," aliuliza, "au ni ya kitambaa tu?"

Mwanamume akaacha kucheka. Akamweleza pale pale, wamesimama kando ya mlango ulio wazi. Vyuo vitatu vimeungana katika mradi mmoja wa kufungua milango kwa watu wazima. Mwenye kazi yake anapimwa alichokijua kazini, anasoma darasa la maandalizi kila Jumamosi, na kamati ya pamoja ikiridhika, anaingia moja kwa moja mwaka wa pili wa shahada. Yeye ndiye mratibu.

"Na wanaoridhika ni akina nani?"

"Watu saba. Wengine wagumu, sikufichi."

"Mimi pia mgumu," alisema Fundi, akaanza kufunga zana zake. "Darasa ni saa ngapi?"

Basi hivyo ndivyo ilivyoanza, na asije mtu akasema Fundi alikwenda kutafuta mume. Alikwenda kutafuta shahada. Kampuni yake ilishamwambia kwamba cheo cha msimamizi hakishikwi na mtu asiye nayo, na mbali ya cheo, aliitaka tu. Aliitaka kama mtu anavyotaka kitu alichowahi kunyang'anywa.

Jumamosi ya kwanza alikaa mstari wa mbele, gauni la kijani, kalamu tatu. Kulikuwa na Muuguzi mmoja mnene mwenye maneno mengi, dereva wa malori, seremala, mama wa duka la dawa, watu wazima wote, wanaosoma huku wanasinzia kwa uchovu wa wiki nzima. Mratibu hakufundisha. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha walimu wamefika, projekta inawaka, na chuo cha pili na cha tatu wamejiunga kupitia skrini. Lakini projekta ya darasa lile, jamani, ilihitaji kuangaliwa mara nyingi ajabu.

"Imeharibika tena?" Fundi alimuuliza mapumziko.

"Inasumbua kidogo."

"Mbona mimi naiona nzima? Au niiangalie?"

"Ukiiangalia itapona, halafu mimi nitasingizia nini?"

Muuguzi alivunjika mbavu. Fundi akajifanya anatafuta kalamu.

Ikawa simu. Mratibu alimpigia kumkumbusha vipindi, halafu kumuuliza kama amefika nyumbani, halafu kwa sababu zisizo na kichwa wala miguu. Binti yake Fundi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kingine, alikuwa akisikiliza kutoka jikoni na kukohoa kwa makusudi.

"Mama, una mtu."

"Nina mtihani."

"Mtihani gani unaokufanya upake rangi ya mdomo kuzungumza kwenye simu?"

"Hebu niondokee hapa!" Lakini alikuwa anacheka, na msichana akaja akamkumbatia kwa nyuma. Baba yake aliondoka kitambo, aliposhindwa kuishi na mke anayerudi nyumbani na grisi kwenye kucha. Hawakumlilia sana.

Mratibu hakuiogopa grisi. Jioni moja walipokuwa wamekaa kwenye benchi nyuma ya maktaba, alikishika kidole cha Fundi chenye kovu akakibusu, bila kuuliza, halafu akashtuka kama aliyeiba.

"Laazizi wangu," alisema, "nakupenda. Sijui nilisemeje neno hili."

"Limetosha hivyo hivyo. Nami nakupenda, Bwana Mratibu, pamoja na projekta yako."

Hapo ndipo Mratibu alipomwomba kitu kimoja: wasijulikane kwanza. Wasubiri kamati ikae. Fundi alikubali, maana mapenzi yakiwa mapya hata kujificha ni utamu. Mbele za watu wakaitana Fundi na Mratibu, na pembeni wakaitana majina mengine ambayo hayawahusu wasomaji.

Utamu ulikatika siku ya wageni. Wakuu wa vyuo washirika walikuja kulitembelea darasa, ukumbi ukapambwa, Fundi akavaa suti ya zambarau aliyoishonesha kwa ajili hiyo na viatu vilivyombana. Binti yake alikuja pia. Mratibu alipita na wageni mstari kwa mstari, na nyuma yao alikuwemo mwenyekiti wa kamati, Profesa, mama wa miwani myembamba na nywele fupi za mvi, aliyesifika kwa kauli yake kwamba chuo kikuu si karakana. Walipofika kwa Fundi, Mratibu alimpa mkono uliokakamaa.

"Huyu ni mmoja wa wanafunzi wetu," alisema, akapita.

Hakuna jina la kazi, hakuna tabasamu. Muuguzi alitambulishwa kwa maneno mengi, dereva akasifiwa. Fundi peke yake alipitwa kama nguzo. Na binti yake alikuwa amesimama hapo hapo, anatazama.

"Ndiye huyu, Mama?" aliuliza walipotoka.

Fundi alivua viatu akatembea navyo mkononi hadi barabarani.

Simu ililia hadi ikachoka. Alipokea ya nne.

"Laazizi, usikate."

"Laazizi ndiye nani? Mimi ni mmoja wa wanafunzi wenu."

"Sikiliza, nakuomba. Profesa alikuwa nyuma yangu."

"Na akiwa nyuma yako ndiyo nini? Unanionea haya? Sema. Ni umri, ni ovaroli, ni nini?"

"Hapana! Haya? Wewe? Nimo kwenye kamati. Mimi ni mmoja wa wale saba. Watatu hawalitaki darasa hili hata kulisikia, na Profesa ni mmoja wao. Watatu wanalitaka. Kura ya nne ni yangu. Kanuni inasema mjumbe mwenye uhusiano na mwanafunzi anatangaza, anatoka nje, hapigi kura. Nikitoka, kura zinalingana, Profesa anaamua, mnaanguka. Sasa umeelewa?"

Fundi alikaa kitandani. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba anaonewa haya, na hilo angelilia akalimaliza. Hili lilikuwa jingine.

"Kwa hiyo ulikuwa unanificha ili unipe kura," alisema.

"Ili upate haki yako."

"Haki yangu haitaki kufichwa. Siku nikikishika hicho cheti, mtu mmoja tu akijua, mmoja tu, atasema nilikipata kitandani. Na nitamjibu nini? Nitamwambia uongo?"

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua!" Alisimama. "Nitakuwa nimekaa ofisini, nimeandikwa msimamizi mlangoni, na mimi nitajua."

"Na wenzako je? Muuguzi, seremala, wote wale? Si wewe peke yako unayeanguka."

Swali lilimchoma, maana lilikuwa la kweli. Aliwaona wote, na uchovu wao, na kalamu zao.

"Hao ndio kabisa," alisema taratibu. "Ikija kugundulika, litafutwa darasa zima na hakuna mtu mzima atakayekanyaga tena pale. Tangaza. Utoke nje. Tuanguke kwa miguu yetu wenyewe kama ni kuanguka. Na kama hutaki kutangaza, usinipigie tena."

"Unanitaka nikumalize kwa mkono wangu."

"Nakutaka uniache nisimame." Akakata, kisha akalia mpaka kilemba kikalowa.

Hakupokea simu zake tena. Alizitazama zikiwaka na kuzimika, mchana kazini, shimoni mwa lifti, simu ikinguruma mfukoni mwa ovaroli. Aliumia, tusidanganyane. Alikuwa anampenda mtu huyu kwa roho yake yote, na bado hakupokea. Binti alimwuliza kama hatamjibu hata ujumbe. "Anajua jibu langu," Fundi alisema, na kurudi kwenye vitabu.

Siku ya kamati ilifika. Utaratibu ulikuwa kwamba wanafunzi wanakaa nyuma ya chumba mkutano unapofunguliwa, wanaeleza kazi zao mmoja mmoja, kisha wanatoka ili kamati ipige kura. Chumba kilikuwa na meza ndefu, viyoyozi vinavyovuma, na ukutani skrini kubwa yenye wajumbe wawili wa vyuo washirika, nyuso zao zikigandaganda. Mratibu alikuwa kwenye kiti chake, amekonda, tai imekaza kweli leo. Hakugeuka nyuma. Fundi alikaza macho kwenye kisogo chake.

"Ajenda ya kwanza," alisema Profesa bila kuinua macho, "kutangaza maslahi. Nadhani kama kawaida hakuna. Tunaendelea na ajenda ya—"

"Ninayo," alisema Mratibu.

Profesa akaishusha miwani. Nadhani hakuna aliyewahi kuisimamisha ajenda ile tangu kamati ianze. Ilikuwa ni ya kupita tu, kama kukohoa kabla ya hotuba.

"Unayo nini? Una hisa mahali?"

"Hapana, Profesa. Nina mtu. Kuna mwanafunzi mmoja katika darasa hili ninayempenda."

Kwenye skrini, mjumbe wa chuo cha pili akasogeza uso wake karibu na kamera.

"Samahani, sauti inakatika huku. Mratibu amesema nini?"

Mratibu akasimama.

"Nimesema kuna mwanafunzi ninayempenda."

"Bado inakatika. Ana nini huyo mwanafunzi?"

"NAMPENDA!" Mratibu alipaza sauti mpaka sekretari akadondosha kalamu. "Nampenda Fundi wa lifti, yule pale nyuma, na nilikuwa nataka kukaa hapa nimpigie kura kimyakimya, na yeye mwenyewe ndiye aliyekataa!"

"Haa, sasa imesikika vizuri," alisema mtu wa skrini kwa unyonge.

Wote waligeuka. Uso wa Fundi uliwaka moto, lakini hakuinamisha kichwa, hata kidogo. Muuguzi pembeni yake alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mwanafunzi analijua hili?" Profesa aliuliza.

"Analijua. Ila hapokei simu zangu."

"Naona kwa nini. Toka nje."

Alikusanya karatasi zake. Alipofika usawa wa Fundi, macho yao yalikutana. Mlango ukafungwa nyuma yake, na kura ya nne ikaenda naye.

Walieleza kazi zao. Sauti ya Fundi mwanzoni ilikuwa inakwaruza, halafu ikanyooka. Profesa alimwuliza maswali makali, mengine aliyajibu, moja hakulijua akasema sijui. Kisha wakatolewa kwenye ukumbi mwembamba wa nje, ambako Mratibu hakuonekana, na hapo Muuguzi akamgeukia.

"Dada yangu, sema ukweli. Ulijua kwamba kura yake ndiyo ilikuwa inatubeba?"

"Nilijua."

"Na ukamwambia atoke?"

"Nilimwambia. Nichukie ukitaka, una haki. Ila nisingeweza kukaa darasani na wewe miaka mingine huku nimeficha kitu ambacho kingewafukuza wote."

"Nimekasirika," alisema Muuguzi. "Nimekasirika kweli. Lakini bora umeniambia usoni." Akaenda kukaa upande mwingine, na Fundi akaachwa asimame peke yake karibu na dirisha.

Walipoitwa, Profesa alikuwa amesimama.

"Kura zimelingana," alisema. "Kanuni inanipa mimi neno la mwisho, na mnajua nilivyokuwa nikifikiri. Wiki iliyopita ningesema hapana bila kusita." Aliivua miwani. "Lakini kama leo ingepita kimya, na baadaye nikaja kujua, ningelifuta darasa hili na mradi wake. Sasa siwezi kusema nimedanganywa. Mtapimwa upya muhula ujao, na watahini wa vyuo washirika wasiomjua hata mmoja wenu. Wakisema ndiyo, mimi sitawazuia."

Muhula mzima! Nyuma kukasikika miguno. Dereva alishika kichwa. Fundi aliinua mkono.

"Waje, Profesa. Hata kesho tuko tayari."

"Kesho hapana," alisema Profesa. "Muhula ujao."

Mratibu alikuwa kwenye ngazi za nje, amekaa na koti magotini. Fundi akakaa ngazi ya juu yake. Chini yao wanafunzi walipita na mikoba yao.

"Wamenitumia ujumbe, nimeondolewa kwenye mradi," alisema bila kugeuka. "Nimerudishwa kufundisha. Na nyie?"

"Muhula mwingine. Watahini wa nje."

Akaziba uso. "Nimekuharibia."

"Hebu geuka huku." Aligeuka. "Miaka yote nimepita mbele ya dirisha la jengo hili kama mtu asiyekuwepo. Leo umenipigia kelele mpaka vyuo vitatu vimesikia. Unadhani nimeharibikiwa?"

"Nilikuwa natetemeka."

"Niliona. Hata mimi." Akamshika shavu. "Kwa nini ulikawia kiasi kile, mpenzi? Nilikulilia."

"Niliogopa kukupotezea kitu unachokitaka kuliko vyote. Halafu nikaona kwamba kwa kukuficha ndicho hasa nilichokuwa nakupotezea."

Alimkumbatia pale pale ngazini, mchana kweupe, na wanafunzi wakapiga miluzi. Hawakuachiana.

"Na watahini wa nje wakikukataa?" aliuliza Mratibu begani mwake.

"Nitaomba tena. Wakikataa tena, nitaomba tena. Watanichoka wao kabla sijawachoka mimi. Wewe ndiye nataka kukuuliza kama utachoka."

Kabla hajajibu, mlango wa juu ulifunguka, kamati ikatoka, Profesa mbele na mkoba wake. Akawaona walivyoshikana, akasimama. Mratibu akataka kuachia mkono kwa mazoea. Fundi akaukaza.

"Profesa," alisema, "usije ukasema hukuambiwa mapema. Watahini hao wakifika watanikuta nimeolewa na huyu."

Profesa aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nitaliandika," alisema, akashuka ngazi zake.

Mratibu alikuwa ametoa macho. "Umeolewa lini?"

"Bado. Ndiyo nakuposa sasa hivi. Unakubali au na hili linataka kamati?"

"Nakubali," alisema Mratibu, na safari hii hakuna aliyemwomba arudie.